Mume anahamishwa kila mara: biashara ya picha za mbwa na paka itasimamaje?

Swali: Habari za kazi. Mume wangu ni afisa wa UPDF, jeshi la Uganda, kwa sasa tunakaa Entebbe. Nina kamera moja, lenzi mbili (50mm na 70-200mm), na wateja wanaoniita kuwapiga picha mbwa na paka wao. Wengi wako Kampala, mitaa ya Muyenga, Bugolobi na Kololo. Tumeshahama zaidi ya mara moja na kila tukihama naanza upya kabisa. Sasa kuna tetesi za uhamisho mwingine, pengine kaskazini au magharibi, au huenda ni kozi. Niifunge biashara nisubiri, au kuna namna ya kuipanga isivunjike kila amri inapotoka? Na huko mikoani nani atalipia picha ya mbwa? *Mke wa afande, Entebbe*

Jibu: Usiifunge, dada. Ila acha kuihamisha pamoja na magodoro. Kwa unavyoeleza, biashara yako imegandana na nyumba: wateja wanakujua kwa mahali unapokaa, mafaili yako kwenye kompyuta moja, fedha zinaingia kwenye laini ile ile ya matumizi ya watoto. Lori likija kubeba vyombo, linabeba na kazi. Ukivitenga hivyo vitatu na nyumba, uhamisho utabaki kuwa safari ndefu tu.

Kabla ya yote jua ni amri ya namna gani, kwa sababu kila moja inadai mpango wake. Kozi ya chuo cha kijeshi cha Kimaka, Jinja, haikuondoi sokoni. Jinja ni kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na familia ikibaki Entebbe wewe unaendelea kama kawaida. Misheni ya Somalia nayo haikuhamishi. Inakuondolea mtu wa kushika watoto. Hapo punguza saa za kazi, usipunguze bei: chukua Jumamosi peke yake, na wateja wawili asubuhi badala ya wanne kutwa. Posho ya misheni usiitegemee kulipia gharama za kila mwezi za biashara, maana misheni ina mwisho na gharama hazina. Amri inayohitaji kujipanga kweli ni ile ya kupelekwa kwenye divisheni ya mbali, Gulu, Mbarara au Moroto, na nyinyi mkafuata. Majibu yaliyobaki yanahusu hiyo.

Fedha na makubaliano. Mteja atasamehe picha iliyochelewa, hatasamehe malipo yaliyopotea. Chukua nusu mapema, usipokee miadi ya zaidi ya wiki sita mbele, na hiyo nusu ikae kwenye laini yako ya pili bila kuguswa mpaka siku ya kupiga. Laini hiyo isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha mzee, maana akiwa porini bila mtandao na laini ikafungwa, wewe huna la kufanya. Kwenye karatasi ya makubaliano weka kifungu kama hiki:

"Mpiga picha akishindwa kufika kwa sababu za kifamilia, mteja atachagua moja: tarehe nyingine ndani ya siku 60, mpiga picha mwingine aliyekubaliwa, kwa bei ile ile, au kurudishiwa fedha zote ndani ya siku 7."

Angalia maneno "sababu za kifamilia". Usiandike kwamba mume anapelekwa wapi, na kikosi gani, na lini. Wala usiweke kwenye status ya WhatsApp kwamba tarehe fulani mnahamia Moroto. Kwako ni taarifa kwa wateja, kwa mwingine ni habari za mwendo wa jeshi. Watangazie mkishafika, na utaje mji tu. Zima pia kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha ya paka wako barazani kwenye kota inaweza kubeba ndani yake vipimo vya ramani ya kambi. Na ndani ya kambi usipige picha za biashara hata kama mbwa wa jirani ni mzuri kiasi gani. Wateja nao usiwaite huko.

Mtu wa kushika nafasi yako. Tafuta mpiga picha mmoja wa Kampala, wa harusi au wa watoto, asiyeogopa mbwa. Kigezo hicho cha mwisho kinapunguza orodha haraka kuliko unavyodhani. Mgawo ninaouona wa haki: akipiga na kuhariri yeye, wewe mwenye mteja unachukua asilimia 20, akipiga tu na wewe ukahariri, yeye 60 na wewe 40. Andikianeni kwamba mteja wa kwako anabaki wa kwako na picha zinatoka kwa jina la biashara yako.

Mpe kadi ya kazi, la sivyo picha zake hazitafanana na zako na mteja ataona. Kadi iseme mbwa anayetembea hapigwi picha kwa kasi ya shata iliyo chini ya 1/800 ya sekunde, na anayekimbia 1/1600. Uwazi wa lenzi uwe f/2.8 hadi f/4. Wapiga harusi wanapenda f/1.8, lakini kwa mbwa mwenye pua ndefu kama German Shepherd jicho litakuwa kali na pua itayeyuka. Kamera ishuke usawa wa macho ya mnyama, yaani magoti na viwiko chini kwenye nyasi. Jambo linalowakosesha wengi ni rangi. Rottweiler akijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na manyoya meusi yanatoka kijivu. Spitz mweupe ni kinyume chake, anatoka amefubaa. Pima mwanga kwenye nyasi za kijani zilizo juani au kivulini pamoja na mbwa, funga kipimo hicho, ndipo umgeukie mnyama.

Safari za Kampala. Kutoka Gulu ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo mteja mmoja hakulipi. Tuseme nauli, chakula na bodaboda za mjini zinakula shilingi 200,000 kwa safari, na unatoza 150,000 kwa mbwa. Mteja mmoja ni hasara ya 50,000. Wawili wanakuachia 100,000, ambayo haitoshi hata usingizi uliopotea. Wanne wanakuachia 400,000. Basi weka sheria: bila wanne waliolipa nusu, safari haipo. Tangaza tarehe mbili kwa mwezi na usizisogeze, wateja watazizoea.

Siku yenyewe ipange kwa jua na kwa foleni. Huku kwetu jua hupanda wima, mwanga laini hauchelewi kuisha. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi unapata wateja wawili, na kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni wawili wengine. Usimpe mnyama zaidi ya dakika 40, baada ya hapo anachoka na masikio yanalala. Wa asubuhi wawe upande mmoja, mathalani Muyenga na Bugolobi. Wa jioni Kololo na Naguru. Ukiwachanganya utamaliza mwanga mzuri ukiwa umekwama Jinja Road. Mchana kati yake tembelea makao ya wanyama ya USPCA, chama cha kutetea wanyama: kuwapigia picha mbwa wanaosubiri kuchukuliwa hakuingizi shilingi, lakini anayemchukua mbwa pale ndiye mtu atakayetaka picha yake mwezi unaofuata.

Kuhariri na kupeleka hakuhitaji uwe Kampala. Picha 40 za kuchagulia, zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 2048, ni kama megabaiti 30, hata mtandao wa Moroto utazisukuma usiku. Picha za mwisho usizitume WhatsApp kama picha, kwa sababu inazibana na mteja atakulalamikia kwamba zimefifia. Zitume kama faili au kwa kiungo cha kupakua. Kuchapisha, elewana na duka moja la Kampala, Nasser Road au kwingine, uwatumie faili, wachape, bodaboda ampelekee mteja. Safari yako ya kwanza chapisha picha tatu za majaribio uzitazame mwenyewe mchana nje, si chini ya taa ya dukani, ujue mashine yao inavuta kwenye rangi gani. Ikivuta kwenye wekundu, utairekebisha kwenye faili kabla ya kutuma.

Kufunga vifaa. Kamera na diski haziendi kwenye lori. Zinakaa miguuni pako kwenye basi. Kabla ya kuondoka kila faili liwe na nakala mbili kwenye diski tofauti, na diski moja ibaki kwa ndugu Kampala. Picha ghafi ya megapikseli 24 ni megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo mteja mmoja mwenye fremu 300 ni karibu gigabaiti 9. Diski ya terabaiti 1 inabeba wateja mia na zaidi. Lenzi zilizokaa Entebbe karibu na ziwa zimulike na tochi ndani: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Ipeleke ikasafishwe kabla ya kuifungia na wenzake, na tia kwenye boksi vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Moroto tatizo litageuka kuwa vumbi. Huko lenzi haibadilishwi nje, inabadilishwa ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa.

Karatasi. Jina ulilosajili URSB, ofisi ya usajili wa biashara, ni la nchi nzima, halihami, mradi usilifunge na mji. Biashara inayoitwa kwa jina la Entebbe itachekesha Mbarara. TIN, namba ya mlipa kodi, nayo ni ile ile, badilisha anwani tu. Leseni ya biashara ndiyo ya mahali, unaikata upya kwa manispaa au mji unaohamia. Kwenye ramani ya Google usifungue ukurasa mpya kila mji. Ficha anwani, taja maeneo unayohudumia, na maoni ya wateja wa zamani yatabaki nawe. Na tunza daftari la mauzo hata wiki ya kuhama. Kama URA, mamlaka ya mapato, imekuweka kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo na mauzo ya mwaka ni milioni 18, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10, yaani 32,000. Asiye na kumbukumbu hulipa 80,000 kwa mauzo hayo hayo.

Nani atalipa mikoani? Kwa picha ya mbwa, wachache. Mkienda Mbarara, weka mbwa pembeni uuze picha za ng'ombe. Mfugaji wa Ankole ambaye hatatoa hata elfu kumi kwa picha ya mbwa atatundika sebuleni ng'ombe wake mwenye pembe ndefu, na anayeuza mitamba ya Friesian anahitaji picha za kumtumia mnunuzi aliye mbali. Lenzi yako ya 70-200mm inatosha. Simama mita 10 hadi 15, kamera usawa wa katikati ya tumbo, ukiutazama ubavu moja kwa moja. Ukisimama upande wa kichwa, kichwa kinakuwa kikubwa na sehemu ya nyuma inasinyaa, na mnunuzi anayejua ng'ombe atadhani unaficha kitu. Subiri miguu yote minne ionekane. Wa maziwa ongeza picha ya kiwele kwa ubavu na kwa nyuma. Wa Ankole acha nafasi pana juu na pembeni. Pembe iliyokatwa na fremu hailipiwi. Toza kwa kundi, si kwa kichwa.

Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilayani, karantini inafunga minada na wafugaji hawataki mgeni zizini. Uweke mwezi kama huo kwenye hesabu. Hata pasipo karantini, osha buti na miguu ya tripodi kwa dawa ya kuua vijidudu kila unapotoka shamba moja kwenda jingine, mbele ya mwenye shamba akuone.

La mwisho, kichaa cha mbwa. Mikoani utakutana na mbwa wengi wa ulinzi wasiochanjwa, kwa hiyo omba kadi ya chanjo kabla ya kukubali miadi, na asiye nayo apigwe picha akiwa nyuma ya wavu au amefungwa kamba inayoshikwa na mwenye mbwa. Wewe mwenyewe chanja mapema: dozi mbili, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza. Aliyechanjwa hivyo akiumwa na mbwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hupata dozi mbili tu, siku hiyo na siku 3 baadaye, bila ile sindano ya kingamwili ambayo asiyechanjwa huihitaji jeraha likiwa baya. Anza kuiulizia hospitali wiki hii, amri haijatoka na bado uko karibu na Kampala.