Ukigongwa na kifutu, usikubali kuchanjwa chale

Shemeji yangu aligongwa na kifutu magharibi, akitoka kuvuna ufuta. Kifutu ni nyoka asiye na haraka ya kukimbia. Hujilaza njiani, mfupi na mnene, rangi yake imefanana na majani makavu, na wengi hawamwoni mpaka wamkanyage. Tulipofika alikuwa amekaa chini, alama mbili juu ya kifundo cha mguu, na tayari watu walikuwa wameleta wembe, mpira wa baiskeli wa kufungia na jiwe la nyoka.

Nilivikataa vyote, na nakusihi nawe uvikatae. Sumu ya kifutu huharibu nyama. Ukikaza mpira, sumu inabaki palepale na damu haipiti, mguu unaoza. Chale hazitoi sumu. Zinaongeza kidonda kwa mtu ambaye huenda damu yake imeshaanza kukataa kuganda. Na lile jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Linanata kwa sababu linanyonya majimaji, halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Mzee aliyeshika wembe namheshimu sana, hivyo sikubishana naye mbele za watu. Nilimwambia, "Baba, tumuwahishe kwanza, mengine tutazungumza akirudi." Akakubali, na yeye ndiye aliyetukatia fito. Tulimvua kikuku kabla mguu haujavimba, tukaufunga kwenye fito kwa kanga, bila kukaza, usichezecheze. Hakutembea hata hatua moja, maana msuli ukifanya kazi unasukuma sumu. Nikachora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofikia, nikaandika saa. Akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mdogo wangu.

Maumivu yalikuwa makali, na mtu akaleta diklofenaki. Hapana. Dawa hizo, pamoja na aspirini, huongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli inatosha.

Njiani nilimpigia muuguzi ninayemfahamu. Akasema zahanati yetu haina dawa ya sumu ya nyoka, tuipite, twende moja kwa moja hospitali ya wilaya. Huko walichukua damu kidogo, wakaiweka kwenye kichupa cha kioo, wakaiacha dakika 20 bila kuitikisa. Iliganda, lakini uvimbe ulikuwa umeshapita goti, wakaamua kumtundikia dripu ya dawa, sindano ya adrenalini ikiwa tayari pembeni kwa sababu dawa hiyo yenyewe huweza kuleta mzio mkali.

Kwa koboko dalili ni nyingine kabisa: uvimbe unaweza kuwa mdogo, lakini kope zinalegea, kumeza kunakuwa shida, kisha pumzi. Huyo asisubiriwe avimbe. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usisugue, kisha nenda hospitali.

Nyuki nao wasidharauliwe. Mwiba unaobaki kwenye ngozi huendelea kusukuma sumu, kwa hiyo utoe upesi, kwa kucha au kwa chochote. Midomo ikivimba, au mtu akianza kukoroma kifuani na kuona kizunguzungu, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu, anahitaji adrenalini sasa hivi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu ni takriban mara tatu ya hao. Wengi ni watu wa shamba kama sisi. Vaa mabuti, shika tochi, chomeka chandarua chini ya godoro hata msimu usio na mbu. Na wiki hii piga simu hospitali iliyo karibu nawe, uliza kama wana dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, maana iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haifai kwa wa kwetu. Wakisema hawana, uliza ni ipi inayo, na namba ya dereva wa bodaboda anayekubali safari za usiku iandike ukutani.