Anti, kupanda mikoko nako kuna ubaya?

SWALI: Shikamoo anti. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mida, Watamu. Tumepata miche ya mikoko tukaona tupande pale kwenye tope katikati ya hori, huu mkono wa bahari, maana ni patupu tu, hapana kitu. Sasa mwongoza wageni mmoja katwambia tuwache, eti tutafukuza ndege wa kutoka Ulaya. Kwani mti na ndege si marafiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mwongoza wageni msikizeni. Hapo mnapoona patupu ndipo jikoni kwao. Maji yakipwa nenda ukachutame dakika kumi tu, utaona tope lote limejaa vikaa na minyoo, na kitwitwi, hao ndege wadogo wa ufukweni, wanadonoa mbiombio kabla maji hayajarudi. Wengine wamezaliwa Siberia hao, wanaanza kufika Agosti wanakaa mpaka Aprili, na kabla ya kuondoka lazima wanenepe kwelikweli kwa sababu yale mafuta ya mwilini ndiyo petroli ya safari. Na wale weupe wenye weusi mgongoni na mdomo mnene, wanaokula kaa, hao huenda kutaga upande wa Somalia, Oman na Ghuba, tena wanachimba shimo mchangani, yai moja tu (mimi hao ndio nawapenda zaidi).

Sasa ukijaza miti hapo, pa kudonoa hapana, na kitwitwi ni mwoga, anataka uwanja wazi amuone kozi, ndege mwindaji, angali mbali.

Mikoko siikatai, majani yake yakioza ndiyo yanalisha hao kaa, na maji yakijaa kuna ndege wanapumzika matawini. Tatizo ni pahali. Chini sana maji yanakaa muda mrefu, miche inakufa, Ufilipino wamepoteza mingi mno namna hiyo.

Halafu tazama Sabaki hapo jirani, mto unashusha udongo wa mashamba ya bara, tope linaongezeka pale mdomoni na mchu, aina ya mkoko, unaota wenyewe hata hujaupanda, kwa hiyo mkulima wa Ukambani asiyeweka matuta naye anampangia ndege wa Siberia pa kula, bila kujua.

Miche yenu msiitupe. Waulizeni wavuvi wazee boriti zilikuwa zikikatwa wapi, mkikuta visiki vya mikoko, pandeni hapo hapo.