Msamiati wa uraia: acheni kukaririsha, pambanisheni maneno

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa miaka 12 na 13 wanataja maana ya "raia", "haki", "wajibu" na "uhuru wa kujieleza" bila kukosea hata nukta, ila ukiwapa kisa kidogo wanaduwaa. Somo hili nimelifundisha muda mrefu na hali hiyo naijua. Kwa maoni yangu tatizo ni ile orodha ya maneno. Haya hayaeleweki moja moja, yanaeleweka yakipambanishwa.

Anza na raia na mkaazi. Mtu kaishi nchini miaka 20, analipa kodi, wanawe wanasoma hapo, lakini hajawahi kuomba uraia. Je, ni raia? Darasa zima litapiga kelele "ndiyo!", maana kwao mlipa kodi ndiye raia. Hapo ndipo unapoingiza njia za kuupata uraia: kuzaliwa ndani ya nchi, kuzaliwa na mzazi aliye raia, au kuomba ukapewa, yaani tajinisi. Kila nchi inachanganya njia hizo inavyoona.

Kisha kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Chora ubaoni nchi mbili, A na B. A inampa uraia aliyezaliwa kwenye ardhi yake tu. B inampa mtoto wa raia wake tu. Mume na mke, raia wa A, wanapata mtoto wakiwa B. Huyo mtoto ni raia wa wapi? Wanabishana weee, wengine wanakuja ubaoni kufuta na kuchora upya, mpaka mmoja anasema taratibu, "Mwalimu, huyu hana kwao." Hapo ndipo ninapoandika "mtu asiye na utaifa", na sijawahi kulazimika kulirudia. Baada ya hapo Ibara ya 15 ya Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948, isemayo kila mtu ana haki ya kuwa na uraia, wanaisoma wakijua inamhusu nani.

Kwenye uhuru, waambie wapige mstari chini ya mwenye haki. Ibara za 18 hadi 20 za Azimio, yaani dini, maoni, kukusanyika na kujumuika, zote zinasema "kila mtu". Halafu wape Ibara ya 25 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ile ya kupiga kura na kugombea: "kila raia". Yule mkaazi wa miaka 20 anarudi mezani: anaruhusiwa kusali na kutoa maoni yake, ila kura ya kitaifa kwa kawaida hana. Wengi huingia darasani wakidhani uhuru wote ni zawadi ya kitambulisho.

Kukusanyika na kujumuika wanavichanganya mno. Mimi nawaambia hivi: watu wakikutana uwanjani kudai jambo kisha wakatawanyika, wamekusanyika. Wakichagua katibu na kupanga tarehe ya kukutana tena, wamejumuika. Jiandae tu, maana Ibara ya 20 inasema pia kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama, na lazima atokee mjanja wa kuuliza kama klabu za shule nazo ni hiari. Mwache ajenge hoja, ni somo tosha.

Mipaka ya uhuru usiiache mwisho wa muhula. Swali la "kwa hiyo naruhusiwa kumtukana mtu?" litakuja siku ya kwanza, na Ibara ya 29 ya Azimio inalijibu: sheria inaweza kuweka mipaka ili kulinda haki za wengine.

Kwenye mtihani usiulize "nini maana ya". Toa kisa, mwanafunzi ataje neno na aeleze kwa nini lile linalofanana nalo halifai. Alama nyingi ziweke kwenye hiyo "kwa nini". Kusahihisha kunachosha, sikufichi, lakini anayekariri na anayeelewa utawatofautisha kwa mistari miwili tu.