Mfamasia kumpigia daktari simu si kuingilia kazi yake

Ndugu, umeuliza kama mfamasia aliyegoma kumpa mama yako metronidazole, dawa ya kuua bakteria, mpaka azungumze na daktari alivuka mipaka. Kwa maoni yangu hakuvuka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Umesema mama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na metronidazole huchelewesha ini kuivunja warfarin, hivyo nguvu yake huzidi na mgonjwa huweza kuvuja damu, hata tumboni au kichwani. Daktari hutambua ugonjwa na kuandika dawa. Mfamasia huilinganisha na dawa nyingine zote za mgonjwa, ambazo pengine daktari hakutajiwa (wagonjwa wengi husahau kuzitaja). Tena hakubadilisha cheti kwa uamuzi wake, bali alilirudisha swali kwa aliyekiandika, na hapo ndipo mpaka ulipo. Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine, au kuibakiza hiyo hiyo na kuagiza mapema kipimo cha INR, kinachoonyesha damu huchukua muda gani kuganda, ili dozi ya warfarin irekebishwe. Kwa sasa mama asiache warfarin bila ushauri wa daktari, na akipata kinyesi cheusi kama lami, apelekwe hospitali mara moja.