Nitrasi au supachaja kwa Mark X?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Nairobi na nina Toyota Mark X ya lita 2.5. Ningependa kuiongezea nguvu kwa ajili ya mbio fupi za mstari ulionyooka ninazoshiriki mara moja au mbili kwa mwezi, ingawa gari hilo hilo hunipeleka kazini na, kila Desemba, hunifikisha Mombasa kwa wazazi. Wenzangu wengine husema niweke nitrasi, wengine supachaja. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa vyote viwili huipa injini oksijeni zaidi ili iunguze petroli zaidi. Nitrasi, yaani gesi ya nitrous oxide, huibeba oksijeni hiyo chupani: gesi hiyo ikikutana na joto la silinda huvunjika na kuiachia oksijeni, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake, ilhali katika hewa ya kawaida ni 23 tu. Supachaja huzungushwa na mkanda utokao kwenye krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ikashindilia hewa ya kawaida, na kwa kazi hiyo hula sehemu ya nguvu ya injini na kuipasha hewa joto.

Injini yako, 4GR-FSE, ina uwiano wa mgandamizo wa 12 kwa 1, yaani tayari huibana sana hewa ndani ya silinda, na injini ya namna hiyo ikishindiliwa hewa zaidi huanza kugonga upesi, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka wenyewe bila mpangilio na kuumiza pistoni. Mark X za supachaja zilizouzwa Japani zilikuwa na injini kubwa kuliko yako, kwa hiyo usidanganywe na muuzaji anayekuambia kwamba vipuri vyake vitaingia tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo safari ya Desemba. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni takriban baa 0.82 (baa ni kipimo cha shinikizo; ufukweni hewa huwa na baa 1 hivi). Supachaja inayozidisha shinikizo hilo mara 1.4 itaipa injini baa 1.15 hivi, kiasi ambacho pengine itakistahimili. Lakini ukiteremka hadi Mombasa, supachaja ile ile itakupa baa 1.4, tena katika joto la pwani, na kompyuta ya injini iliyopangwa Nairobi peke yake haitakuwa imejiandaa. Nimeona pistoni zilizotoboka kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Nozeli ya nitrasi iliyopimwa kuongeza nguvu za farasi 50, kwa upande wake, huongeza takriban kiasi kile kile popote ulipo, na chupa ikifungwa injini hurudi kuvuta hewa ya kawaida tu. Kasoro yake ni kwamba chupa ya kilo 4.5 humalizika baada ya dakika 3 hivi za matumizi, muda ambao kwa mbio zako unatosha kabisa.

Kwa hiyo mimi ningechagua nitrasi, isiyozidi farasi 50, ya aina inayopuliza petroli pamoja na gesi, maana gesi ikiingia bila petroli ya kutosha huyeyusha pistoni. Swichi yake iruhusu gesi pale tu pedali ya mafuta inapokanyagwa hadi mwisho na injini ikiwa imepita mizunguko 3,000 kwa dakika. Plagi ziwe baridi zaidi, yaani za aina inayopoteza joto haraka, na fundi arudishe nyuma taimingi kwa digrii 2 hivi, ili cheche iwashe petroli kwa kuchelewa kidogo. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha umepata mahali halali pa kujazia chupa, na unapokwenda kwa wazazi iache nyumbani.