Mnauliza kopo, nawajibu meno: maswali ya vinu vya kahawa vya safarini

Barua zimejaa tena, na kama kawaida nusu yake zina swali moja lisilojibika: "Kinu kipi cha mkono ni bora kwa safari?" Basi. Hasemi anapika kwa chombo gani, wala wanakunywa wangapi, wala kama anabeba mgongoni au anatupa nyuma ya gari. Hizo nimeziweka kando. Hawa wafuatao walau wameandika kama watu wanaotaka jibu.

Shikamoo. Nimeanza kupiga kambi, nabeba mwenyewe mgongoni. Nakunywa peke yangu, kahawa ya kuchuja kwa karatasi. Nataka kinu kidogo na chepesi kuliko vyote vilivyopo.

Marahaba. Umeeleza vizuri mpaka ulipofika hapo pa "chepesi kuliko vyote", maana hapo ndipo majuto huanzia. Kinu hupunguzwa uzito kwa kutoa chuma, na chuma kinachotolewa kwanza ni kile kinachoshikilia mhimili, yaani ule mti wa kati unaoyazungusha meno ya kusagia.

Fanya hivi kabla hujalipa. Fungua kopo la chini, kipindue, shika jino la ndani kwa vidole viwili, ulitikise kulia na kushoto. Likicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, mrudishie mwenyewe. Mhimili unaocheza huyasogeza meno: upande mmoja yanabana, upande wa pili yanaachia nafasi. Matokeo yake utayaona ukimwaga kijiko cha kahawa yako kwenye karatasi nyeupe. Kuna chenga kubwa, nyingine karibu nusu punje, na katikati yake kuna vumbi linalong'ang'ania kidole. Maji yakifika, vumbi linatoa uchungu wake mara moja na chenga hazijaanza hata kulowa ndani. Unakunywa kikombe chenye uchungu na uchachu kwa pamoja, halafu unailaumu buni.

Kwa hiyo tafuta kinu chembamba chenye meno ya chuma cha pua, na mhimili ulioshikwa na beringi mbili, moja juu na moja chini. Kinu cha Timemore C2 kiko katika kundi hilo na kinachukua gramu 20 na kidogo. Wewe peke yako unahitaji gramu 15 kwa mililita 250 za maji, kwa hiyo kinakutosha na kubaki. Kitakuongezea uzito kidogo kuliko ulivyopanga. Punguza soksi.

Meno ya kauri au ya chuma?

Chuma.

Najua mtaniandikia, kwa hiyo niendelee. Kauri husifiwa kwa mambo mawili: haishiki kutu, na haipashi kahawa joto. La kwanza ni kweli, na kama unaishi kwenye unyevu mwaka mzima lina uzito wake. La pili ni la kuwauzia wasiojua, kwa sababu mkono wa binadamu hauzungushi kinu kwa kasi ya kuunguza chochote. Wanalonyamaza ni kwamba kauri ya vinu vidogo, kama Hario Mini-Slim, inasaga polepole. Gramu 20 zinaweza kukuchukua dakika mbili au tatu za kuzungusha, na buni iliyokaangwa kidogo ikawa ngumu zaidi. Meno mazuri ya chuma humaliza kazi hiyo chini ya dakika moja. Tena kauri ikikutana na kijiwe kilichojificha kwenye buni, humeguka. Chuma nacho huumia, lakini hakipasuki vipande ndani ya kikombe chako.

Naweza kufunga drili badala ya mpini ili nisichoke?

Hapana. Na kama unabeba drili kwenda kambini, beba na kinu cha umeme tuelewane.

Natumia AeroPress, lile bomba la kupikia kahawa kwa kusukuma. Nimesikia kuna vinu vinavyoingia ndani yake, ni kweli?

Kweli. Porlex Mini inaingia ndani ya bomba la kusukumia, na vile vyembamba vya familia ya Q kutoka 1Zpresso pia vinaingia. C2 niliyoitaja juu haiingii, usijaribu kuilazimisha. Kati ya hizo mbili ningechukua Q, kwa sababu ya meno. Porlex ni ya kauri, na nimeshasema yangu.

Ila ujanja huu una mtego mmoja. Ili kinu kiingie lazima mpini uvuliwe, na mpini ukishavuliwa unakuwa kitu cha pili cha kukumbuka. Mimi niliwahi kufika kambini usiku, nikalala nikiwaza kikombe cha asubuhi, kumbe mpini umebaki mezani nyumbani. Alfajiri nilikaa kwenye umande na koleo la kukazia kamba za hema, nikabana ncha ya mhimili, nikageuza robo mzunguko, nikaachia, nikabana tena. Gramu 15 kwa koleo ni karibu nusu saa, na ncha ya ule mhimili ina makovu mpaka leo. Tangu siku hiyo mpini unafungwa kwa mpira kwenye mwili wa kinu, na mfuko haufungwi kabla sijaugusa.

Rafiki yangu anasaga kwa kliki 22, zile hatua za kurekebisha ulaini, na kahawa yake ni tamu. Mimi nimeweka 22 hiyohiyo, inatoka chungu na inachelewa kushuka. Kinu changu kibovu?

Kinu chako ni sawa na cha rafiki yako?

Barua ndefu, ukurasa mzima, na hilo hukuliandika. Kliki si kipimo cha ulimwengu. Kwenye Comandante C40 ya Ujerumani kliki moja husogeza meno kama mikroni 30, yaani sehemu 30 za elfu za milimita. Kwenye J-Ultra ya 1Zpresso husogeza mikroni 8. Kwa hiyo 22 ya huyu na 22 ya yule ni ndugu wa jina tu. Hata vinu viwili vya aina moja hupishana, kwa kuwa kila kimoja kina sifuri yake. Itafute ya kwako. Kinu kikiwa kitupu, kaza taratibu huku ukigeuza mpini mpaka meno yaguse na mpini ugome. Hapo ndipo sifuri. Fungua ukihesabu kuanzia hapo, saga, onja. Ikiwa chungu na inachelewa kushuka, fungua kliki mbili. Ikiwa chachu na imepita kama maji ya bomba, kaza mbili. Andika namba yako kwenye kipande cha karatasi na ukiweke kwenye begi, kwa sababu ukikifungua kinu kukisafisha utaisahau.

Na kwa wale walioniuliza kama kinu cha safari kitasaga kwa espresso, ile kahawa nzito ya mgandamizo: hapo ndipo ukubwa wa hatua unapoleta tofauti. Hatua pana inakurusha kutoka kahawa isiyopita kabisa hadi kahawa inayomwagika. Lakini sijaelewa mnakwenda kupiga kambi au kufungua mgahawa.

Nasafishaje kinu? Nimeambiwa nisage mchele mkavu, kisha nioshe na sabuni.

Mara ya sita mwaka huu. Mchele mbichi ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa. Unayatesa meno na mhimili kwa kitu ambacho hayakutengenezewa, na unaacha wanga ndani unaovuta unyevu. Maji na sabuni kwenye meno ya chuma ni mwaliko wa kutu, hata kikiitwa chuma cha pua, hasa ukikirudisha begini kabla hakijakauka. Brashi ndogo kavu, gonga chini mara mbili, umemaliza. Ukishafungua vipande, fungulia juu ya kitambaa kilichotandazwa, kamwe si juu ya nyasi. Spiringi iliyodondokea kwenye nyasi huipati.

Kuna na aliyeuliza kama anaweza kusagia humohumo pilipili manga ya mchuzi, apunguze mzigo. Anaweza, mara moja. Baada ya hapo ana kinu cha pilipili manga.

Unga unarukia kuta za kopo na kunasa, nusu unapotea kwenye upepo. Nifanyeje?

Huo ni umeme tuli unaotokana na punje kusuguana na kuvunjika. Chovya kidole kwenye maji, pangusia punje, zikoroge, kisha usage. Tone moja linatosha gramu 15, usizilowanishe. Wapenzi wa kahawa walikuwa wakifanya hivyo miaka mingi, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba maji kidogo kabla ya kusaga hupunguza umeme huo. Hii ni dawa isiyohitaji kununua kitu, na ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Nikiwa mlimani, mita elfu tatu, kahawa inatoka nyepesi japo vipimo ni vilevile vya nyumbani. Ninunue kinu kikubwa zaidi?

Msinunue kila mnapokwama, jamani. Kadiri unavyopanda maji yanachemka kwa joto la chini. Hupungua takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300, kwa hiyo hapo ulipo yanatokota kwenye nyuzi 90 hivi. Maji ya nyuzi 90 hayakamui kama ya 98. Kaza kliki mbili au tatu uipate laini zaidi, yaache maji yakae na kahawa muda mrefu kidogo, na ukifunike chombo, kwa sababu upepo wa mlimani unaiba nyuzi nyingine kabla hujamimina.

Kinu kitanisumbua uwanja wa ndege?

Mara chache. Ni bomba la chuma lenye meno ndani, wakikitoa kukitazama usinune. Kitakachoweza kukusumbua ni kahawa uliyokwisha kusaga. Kwenda Marekani, kwa mfano, tangu 2018 unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kukaguliwa zaidi au kuzuiwa. Beba punje.

Naenda kulala porini usiku mmoja tu. Kuna haja ya kubeba kinu?

Hakuna. Saga nyumbani dakika ya mwisho, tia kwenye mfuko usiopitisha hewa, nenda. Harufu itapungua kiasi, lakini kahawa iliyosagwa jana kwa meno mazuri inaishinda iliyosagwa sasa hivi kwa kinu kinachocheza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yangu mnaijua.

Mume wangu anasema kusaga alfajiri kunaamsha kambi nzima. Mimi nasema kelele ni ndogo. Tuamulie, kaka.

Mume wako ana haki, dada. Buni iliyokaangwa kidogo inalia kama kokoto kwenye debe. Kizungushie kinu taulo, tembea hatua thelathini kutoka kwenye mahema, au saga jioni kabla ya kulala na ufunike kopo. Halafu mpelekee kikombe cha kwanza kabla hajaanza kusema "nilikuambia".