Kilichoikwamisha T129 ni injini, si ubovu

Unasema Pakistan iliikataa T129, helikopta ya mashambulizi ya Uturuki, kwa ubovu? Hapana kaka. Mkataba wa kununua helikopta 30 za T129 ulisainiwa 2018, ukafia kwenye injini: ile T800 ni kazi ya Honeywell na Rolls-Royce, na Marekani haikutoa kibali iuzwe huko. Pakistan ikageukia helikopta ya China, Z-10ME. Inauma. Hapa Kibaigwa fundi anachomelea mashine safi ya kusaga, ila injini ni ya jirani. Jirani akigoma, mteja anajitwika gunia lake la mahindi na kuondoka. Ila Ufilipino walikubaliwa na Marekani, wakapokea T129 2 za kwanza Machi 2022 kati ya 6. Ndiyo maana Waturuki wanaikazania injini yao wenyewe, TS1400.